Pampu ya Maji Baridi Haihesabiwi kwa Ghorofa

Ukiingia duka la pampu mjini Eldoret ukasema unataka pampu ya jengo, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Lina ghorofa ngapi?" Ni swali zuri kwa mtu anayetaka kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la paani. Kwa mtu anayenunua pampu ya kuzungusha maji baridi ya kupozea jengo, swali hilo hilo ndilo linaloanzisha hasara. Itanunuliwa pampu kubwa maradufu, itafungwa, maji yatazunguka, vyumba vitapoa, na kwa kuwa vimepoa hakuna atakayeuliza kitu. Bili ya stima ndiyo itakayolipia kosa hilo kila mwezi, mpaka siku pampu itakapozeeka.

Nawaandikia watu watatu. Wa kwanza ni mwenye jengo anayeletewa bei ya mitambo na hajui aikubali au aikatae. Wa pili ni fundi anayesimamia chumba cha mitambo. Wa tatu ni mwanafunzi wa Eldoret National Polytechnic au Chuo Kikuu cha Moi ambaye amefundishwa kanuni darasani lakini hajawahi kuona hesabu ya jengo moja ikifanywa tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu yenyewe si ngumu. Inataka kalamu, kikokotoo, michoro ya paipu na vijitabu vya watengenezaji wa mashine. Kinachoiharibu ni haraka, pamoja na woga wa kununua pampu ndogo.

Wapo watakaosema Eldoret haina haja ya kupozwa. Mji uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku watu hulala na blanketi mbili. Lakini joto la jengo halitoki nje peke yake. Chumba cha upasuaji kinahitaji halijoto na unyevu visivyobadilika, mchana na usiku. Mashine za kupiga picha za mwili, zile za CT na MRI, hutoa joto jingi hata kukiwa na mvua ya mawe. Ndivyo zilivyo pia maabara, vyumba vya kompyuta, na maduka makubwa yenye vioo vinavyotazama jua la alasiri. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi inahudumia eneo zima la magharibi mwa nchi, hospitali za kibinafsi zimeongezeka, na tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024 ujenzi haujapungua. Mitambo ya maji baridi inakuja na majengo hayo. Ni vyema tuijue kabla haijafungwa, kwa sababu paipu ikishafunikwa kwenye ukuta haibadiliki tena kwa bei nafuu.

Mtambo wenyewe hufanya kazi hivi. Mashine ya kupozea, ambayo mafundi huiita chila, hushusha maji hadi nyuzi 7 za Selsiasi. Pampu huyasukuma kupitia paipu hadi kwenye koili zilizo ndani ya mashine za hewa za kila ghorofa. Feni hupuliza hewa ya chumba juu ya koili, hewa hupoa, maji hupata joto na kurudi kwenye chila yakiwa nyuzi 12 hivi. Hapo yanapozwa tena na kuondoka tena. Ni maji yale yale yanayozunguka. Hayamwagiki popote, hayaonani na hewa, na paipu zimejaa kutoka chini hadi juu.

Kila pampu huuzwa kwa namba mbili: kiasi cha maji inachopitisha, na hedi, yaani kimo ambacho ingeweza kuyainua maji hayo, kwa mita. Watu wakisikia kimo hufikiria ghorofa, na hapo ndipo wanapopotea. Fikiria kisima chenye roda na ndoo mbili zilizofungwa ncha mbili za kamba moja: ndoo moja ikishuka, uzito wake huipandisha nyingine, na mvutaji hupambana na ugumu wa roda tu. Ndivyo mzunguko uliofungwa ulivyo. Maji yanayoshuka kwenye paipu ya kurudi yana uzito ule ule wa maji yanayopanda kwenye paipu ya kwenda, na uzito huo unafutana. Jengo liwe na ghorofa 4 au 14, pampu haiinui chochote. Kazi yake ni kushinda msuguano: msuguano wa kuta za paipu, wa kona, wa valvu, wa koili, wa chila na wa kichujio. Jumla ya misuguano hiyo, kwa mita za maji, ndiyo hedi ya pampu.

Urefu wa jengo una kazi zake, ila si hii. Ndio unaoamua presha ya kujazia mfumo. Jengo la mita 16 linahitaji bari 1.6 pale chini ili maji yafike juu kabisa, na huongezwa kama nusu bari ili paipu ya juu isinyonye hewa kupitia valvu za kutolea hewa. Hivyo geji iliyo upande wa kunyonya wa pampu itasoma karibu bari 2.1 hata pampu ikiwa imezimwa. Urefu ndio unaoamua pia uimara wa paipu, flenji na mwili wa chila, na ukubwa wa tangi la upanuzi. Presha hiyo ya kujazia hutoka kwenye tangi la paani au pampu ndogo ya kujazia. Hii ndogo ndiyo inayopanda ghorofa, tena mara moja tu wakati wa kujaza.

Sasa tufanye hesabu ya jengo moja la kubuni: hospitali ya ghorofa 4 yenye urefu wa mita 16, chumba cha mitambo kikiwa chini, na joto la kuondoa ni kilowati 350. Anayesoma vijitabu vya Marekani ataikuta kama tani 100 za upozaji, kwa kuwa tani moja ni kilowati 3.517.

Tunaanza na kiasi cha maji. Lita moja ya maji ikipata joto la nyuzi moja hubeba kilojuli 4.19. Gawanya kilowati kwa 4.19, kisha ugawanye kwa tofauti ya nyuzi kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi. Kilowati 350 kwa tofauti ya nyuzi 5 zinatoa lita 16.7 kwa sekunde. Namba hii isikisiwe, maana kila kitu kinachofuata kinaitegemea: maji yakiongezeka mara mbili, msuguano ndani ya paipu ile ile huongezeka karibu mara nne.

Hatua inayofuata inahitaji utulivu. Chukua mchoro ufuate maji kwa kidole, kutoka pampu hadi kila koili na kurudi. Tafuta njia moja iliyo ngumu kuliko zote. Mara nyingi ni ile inayofika koili ya mbali zaidi, lakini si lazima. Koili ya karibu yenye msuguano mkubwa wa ndani inaweza kuishinda ya mbali. Ukiipata, hesabu njia hiyo peke yake. Nimeona makadirio ambamo misuguano ya matawi yote ilijumlishwa, koili baada ya koili, mpaka hedi ikafika mita 60. Hilo ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya lile la ghorofa. Matawi yako sambamba. Tone la maji linalopita kwenye koili ya maabara halipiti kwenye koili ya chumba cha upasuaji. Pampu ikimudu njia ngumu kuliko zote, nyingine zote zimeshamudiwa, na valvu za kusawazisha ndizo zitakazozuia njia rahisi zisijichukulie maji kupita haki yake.

Katika hospitali yetu, njia ngumu ni ile inayofika chumba cha upasuaji ghorofa ya juu, upande wa pili wa jengo. Paipu kuu ni mita 70 kwenda na mita 70 kurudi. Hapa kuna uamuzi unaogusa mfuko kuliko mwingine wowote: kipenyo. Tukitumia paipu ya chuma ya inchi 4, lita 16.7 kwa sekunde zitakimbia kwa mita 2 kwa sekunde, na kwa kanuni ya Hazen na Williams, tukichukua namba ya ulaini 120, tutapoteza mita 5.1 za hedi kwa kila mita 100 za paipu. Tukipanda hadi inchi 5, mwendo hushuka hadi mita 1.3 kwa sekunde, na hasara hushuka hadi mita 1.7. Inchi moja ya kipenyo imeondoa theluthi mbili za msuguano. Sababu ni kwamba msuguano hupungua kwa karibu kipeo cha tano cha kipenyo. Kontrakta anayekubania inchi moja ya paipu anakuuzia stima ya miaka mingi, na paipu haiozi upesi kama pampu. Mimi ningechukua inchi 5 bila kusita.

Mita 140 kwa hasara ya 1.7 kwa kila 100 ni mita 2.4. Nimechukulia kwamba maji yote yanapita urefu wote wa paipu kuu. Kwa kweli yanapungua kila tawi linapochepuka, kwa hiyo tayari tuna akiba kidogo. Tawi la chumba cha upasuaji linabeba kilowati 50, yaani lita 2.4 kwa sekunde, ndani ya paipu ya inchi 2, kwa mita 40 kwenda na kurudi. Hasara yake ni mita 3.6 kwa kila 100, yaani mita 1.4 kwa tawi hilo. Paipu zote za njia hii zimefika mita 3.8.

Kona na viungio navyo hula. Elbo fupi moja ya inchi 5 ina msuguano sawa na mita 3 hadi 4 za paipu iliyonyooka. Mwenye mchoro kamili azihesabu moja moja kwa jedwali. Mwenye mchoro wa awali anaweza kuongeza nusu ya msuguano wa paipu, ambayo hapa ni mita 1.9, kisha airudie hesabu michoro ikikamilika. Nasisitiza kurudia, kwa sababu fundi akikuta mhimili wa zege mahali ambapo mchoro ulipitisha paipu, ataukwepa kwa elbo nne, na hakuna anayemwambia mwenye hesabu.

Baada ya hapo ni vyombo, na hapa usikisie hata kidogo. Fungua kijitabu cha kila chombo utafute hasara ya presha kwenye kiasi chako cha maji. Vijitabu huandika kwa vipimo mbalimbali: mita moja ya maji ni kilopaskali 9.81, bari moja ni mita 10.2, psi moja ni mita 0.70, futi moja ni mita 0.305. Tuseme chila yetu inakula kilopaskali 45, ambazo ni mita 4.6. Koili ya chumba cha upasuaji inakula 30, yaani mita 3.1. Valvu inayodhibiti maji ya koili nimeipa 35, yaani mita 3.6, kwa makusudi: valvu isiyo na hasara inayokaribia ya koili yake haidhibiti kitu. Ikifunguka kidogo tu maji hupita yote, na chumba huwa baridi sana au joto sana bila katikati. Valvu ya kusawazisha ni 10, mita 1.0. Kichujio nimekipa 15, mita 1.5, nikikihesabu kikiwa kimeanza kuchafuka, maana hali ya kichujio kipya haidumu.

Jumlisha: 3.8 na 1.9 na 4.6 na 3.1 na 3.6 na 1.0 na 1.5. Ni mita 19.5. Ongeza asilimia 10 ya tahadhari upate 21.5, uandike 22. Pampu yetu ni ya lita 16.7 kwa sekunde kwa hedi ya mita 22.

Mwenye kuhesabu kwa ghorofa angefanya nini? Angechukua 19.5 hizo hizo, akaongeza mita 16 za jengo, akapata 35.5, kisha akatia asilimia 20 ya kujihami na kuagiza pampu ya mita 43. Tofauti si ndogo. Nguvu inayohitajika kwenye shafti hupatikana kwa kuzidisha mita za ujazo kwa sekunde, hedi na 9.81, kisha kugawanya kwa ufanisi wa pampu. Kwa ufanisi wa asilimia 70, pampu ya mita 22 inahitaji kilowati 5.2. Ile ya mita 43, ikibanwa ipitishe maji yale yale, inahitaji 10.1. Kwa saa 12 kwa siku, mwaka mzima, ziada hiyo ni zaidi ya yuniti 21,000 za stima. Tena karibu nguvu yote ya pampu huishia kuwa joto ndani ya maji yale yale uliyolipia kuyapoza, kwa hiyo chila nayo inapewa karibu kilowati 5 za kuondoa bure.

Na hiyo ni pale inapobanwa. Isipobanwa, pampu kubwa haisubiri amri ya mchoro. Inasukuma maji mengi kuliko yaliyohitajika mpaka msuguano uifikie, mota inavuta ampea nyingi, kinga inakata, na fundi anaitwa usiku. Akifika, anafanya anachoweza: anafunga valvu ya kutokea kidogo kidogo mpaka ampea zishuke. Nenda kwenye chumba cha mitambo cha jengo lako ukaangalie mkono wa valvu hiyo. Ikiwa imefungwa robo tatu na inatoa sauti kama ya kokoto zikipita ndani, umeshapata jibu la pampu yako kabla ya kushika kalamu.

Jibu kamili hutolewa na geji. Chukua geji moja tu iliyo nzima, iunganishe kwenye sehemu mbili, kabla ya pampu na baada yake, kwa valvu ndogo mbili, usome huku na huku. Geji mbili tofauti zinadanganyana, na zikiwa kwenye vimo tofauti zinadanganya zaidi. Ukisoma bari 2.1 upande wa kunyonya na 4.2 upande wa kutoka, tofauti ni bari 2.1, yaani mita 21.4. Itafute namba hiyo kwenye mchoro wa pampu uliotolewa na mtengenezaji na utaona maji yanayopita. Kisha soma geji baada ya ile valvu iliyobanwa. Presha inayopotea kwenye valvu hiyo peke yake ndiyo pesa unayoichoma.

Kwa pampu ambayo tayari imenunuliwa kubwa, dawa zipo. Ya kwanza ni kidhibiti cha kasi. Kasi ikipunguzwa hadi asilimia 80, maji yanakuwa asilimia 80, hedi asilimia 64, na nguvu asilimia 51. Ni mahali pachache katika jengo ambapo kupunguza moja ya tano ya kitu kunakupa karibu nusu ya gharama. Ya pili, kwa pampu inayofanya kazi kwa kasi moja mwaka mzima, ni kuipeleka kwa mafundi wa mashine wakachonge impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji, ipungue kipenyo, kwa kufuata kipimo cha mtengenezaji. Ni rahisi kuliko kidhibiti, ila haigeuki, kilichochongwa kimechongwa. Kama una kidhibiti na valvu zinazojifunga zenyewe, kihisi cha presha kiwekwe karibu na koili ya mbali zaidi. Ninakuta vingi vimefungwa kando ya pampu kwa sababu waya ni mfupi. Kikiwa hapo, pampu inashika hedi ya juu hata usiku wakati koili mbili tu zinafanya kazi, na faida yote ya kidhibiti inapotea.

Sasa nije kwenye kimo cha mji wetu, maana hapa kuna maneno mengi yasiyo sahihi. Wako wanaosema hesabu za Mombasa hazifai Eldoret kwa sababu ya mwinuko. Kwa hedi ya mzunguko uliofungwa, zinafaa kabisa. Maji hayapungui uzito wa kujali kwa kupanda mita 2,100, na msuguano haujui usawa wa bahari. Kinachobadilika ni hewa. Presha ya hewa Mombasa ni karibu kilopaskali 101, sawa na mita 10.3 za maji. Eldoret ni kama 78.5, sawa na mita 8.0. Maji yanachemka kwa nyuzi 93 hivi.

Athari yake iko mahali pengine. Pampu yoyote inayonyonya maji kutoka tangi lililo wazi chini yake imeshapoteza mita 2.3 za uwezo kabla haijaanza. Kijitabu kikisema pampu inanyonya hadi mita 8, hiyo ni usawa wa bahari. Hapa usipange hata 6, na ukiongeza msuguano wa paipu ya kunyonya ni chini ya hapo. Ukikaidi, maji huanza kuchemka ndani ya impela yakiwa baridi, viputo vinapasuka, chuma kinaliwa matundu matundu. Ni afadhali pampu ikae chini ya usawa wa tangi maji yaingie yenyewe. Mota nazo kwa kawaida zimepangiwa kufanya kazi hadi mita 1,000. Juu ya hapo hewa nyepesi haizipozi vizuri, kwa hiyo muulize muuzaji kiwango cha kupunguza. Kwa pampu yetu ya kilowati 5.2, mota ya 5.5 ingekuwa imebanwa mno hapa. Chukua ya 7.5. Chila inayopozwa kwa hewa pia iangaliwe upya, kwani feni zake zinapitisha hewa yenye uzito pungufu kwa kama moja ya tano. Baridi ya Eldoret hufidia sehemu, lakini mtengenezaji ndiye wa kutoa namba, na lazima aambiwe mita 2,100 wakati wa kuagiza, si baada ya kontena kufika.

Baridi hiyo hiyo inatupa nafasi ambayo Mombasa hawana. Hewa yetu haina unyevu mzito wa pwani, hivyo vyumba vingi havihitaji maji ya nyuzi 7 ili kukausha hewa. Mwombe msanifu apime uwezekano wa tofauti ya nyuzi 8 badala ya 5. Kwa joto lile lile la kilowati 350, maji yanashuka kutoka lita 16.7 hadi 10.4 kwa sekunde, na msuguano kwenye paipu zile zile unabaki asilimia 42 tu ya uliokuwapo. Koili itabidi ziwe nene zaidi na zichaguliwe kwa hesabu hiyo tangu mwanzo. Huwezi kuamua hivyo jengo likiwa limeshakamilika. Kwa chumba cha upasuaji, ambako unyevu una masharti, msanifu athibitishe kwanza. Kwa ofisi na maduka, nadhani ni uzembe kutouliza.

Nilisema mwanzo kwamba swali la ghorofa lina mahali pake. Kwenye tangi la paani, hesabu urefu wote kutoka usawa wa maji ya chini hadi mdomo wa paipu juu, kisha ongeza msuguano. Kwenye mnara wa kupozea, ambao ni mfumo ulio wazi, usihesabu urefu wa jengo ambalo mnara umekaa juu yake. Hesabu tofauti kati ya usawa wa maji kwenye beseni la mnara na mahali yanaponyunyiziwa, ambayo huwa mita chache, pamoja na presha ya vinyunyizio. Paipu inayoshuka kutoka kwenye beseni inafuta sehemu kubwa ya ile inayopanda.

Baada ya kufunga, kuna siku ambayo haifai kurukwa. Mfumo mpya ukizungushwa kwa mara ya kwanza, zima pampu baada ya saa chache ufungue kichujio mwenyewe au usimame hapo kikifunguliwa. Utakuta vipande vya kuchomelea, mchanga, nyuzi za katani, tepi nyeupe ya kufungia viungio, na kutu laini kama unga wa kahawa. Uchafu huo hausomeki kwenye hesabu yoyote, lakini unaweza kuongeza mita kadhaa za hedi. Kifunguliwe tena na tena mpaka kitoke safi, na hewa itolewe kwenye kila sehemu ya juu ya paipu. Koili ya ghorofa ya juu isiyopoa mara nyingi imenasa hewa, na nimeona watu wakiagiza pampu kubwa zaidi kwa tatizo ambalo lilihitaji bisibisi na ndoo.

Kwa mwenye jengo aliye na karatasi ya bei mezani leo: rudisha na uombe ukurasa wa hesabu ya hedi. Uwe na kiasi cha maji, njia iliyochaguliwa, kipenyo cha kila kipande cha paipu, hasara ya kila chombo ikitajwa ilikotoka, na asilimia ya tahadhari ikiwa imeongezwa mara moja tu, mwishoni. Ukiona mstari wa urefu wa jengo kwenye mzunguko uliofungwa, uliza kwa nini uko hapo. Omba pia mchoro wa pampu wenye nukta yako imewekwa alama, na nukta hiyo iwe karibu na kilele cha ufanisi, si kwenye ukingo wa kulia. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zililitaka jengo linalotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka likaguliwe matumizi yake kila baada ya miaka 3, na mkaguzi akifika ukurasa huo utamwokolea muda na kukuokolea ada.

Siku ya kukabidhiwa, geji zisomwe mbele yako, ampea za mota zipimwe kwenye nyaya zote tatu, na namba hizo ziandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye ukuta wa chumba cha mitambo pamoja na tarehe. Mwaka ujao fundi akisoma tofauti ya geji imepanda na ampea zimeshuka, atajua aanzie kwenye kichujio.